Baada ya Tumbo la Zimwi Kupasuliwa

Jirani yetu mmoja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana desturi ambayo kwa muda mrefu niliihesabu kuwa wazimu mdogo. Kitu kikimshtua, tuseme tairi la lori limepasuka au mtu amegonga bati la ua kwa ngumi, anashika ukuta na kuanza kutaja vituo: Panzi, Essence, Major Vangu, Nyawera, Feu Rouge, Place. Siku nyingine anavichanganya. Hapo anatikisa kichwa, anarudi mwanzo, anataja tena mpaka vikae anavyovitaka. Kisha anaendelea kuchambua majani yake ya sombe. Watoto wa avenue walimpa jina la Konvoyeri, yaani kondakta wa basi, nasi wakubwa tulicheka nao.

Halafu usiku mmoja nikaangalia, kwenye flashi ya mpwa wangu, mfululizo wa televisheni wa mwaka 2015 uitwao Jessica Jones, uliotiwa sauti za Kifaransa. Ni hadithi ya mwanamke mpelelezi wa New York aliyewahi kutekwa na mtu mwenye kipaji kimoja tu: akikuamuru, unatii. Akisema cheka, unacheka. Akisema kaa, unakaa miezi. Mwanamke huyo ametoroka, ana nguvu za kunyanyua gari, lakini hofu humkuta barabarani mchana kweupe. Ikimkuta anataja kwa sauti ya chini majina ya mitaa ya utotoni mwake, mmoja baada ya mwingine, hadi pumzi irudi. Nilisimamisha filamu. Nilimwona Konvoyeri wetu akiwa ameshika ukuta, na aibu ikanipanda.

Aliyemfundisha jirani hakuwa mtu wa filamu. Alikuwa mmoja wa wale wasaidizi wa kisaikolojia ambao pale hospitali ya Panzi wanaitwa mama sheri. Hofu ya zamani humvuta mtu na kumrudisha mahali pale, siku ile. Jina la kitu kilicho karibu nawe leo humrudisha huku. Madaktari wanaijua mbinu hiyo miaka mingi. Kilichonishangaza ni kuwa watunzi wa hadithi za uchawi waliielewa vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunaiona kila siku ng'ambo ya ua.

Ndiyo maana nataka kuzitetea hadithi hizo, zile za ajabu zinazotokea mjini, zenye wanyonya damu wanaolipa kodi ya nyumba na watu-mbwa mwitu wanaotengeneza magari. Najua jibu la wengi hapa: "Bintu ya bazungu. Sisi tuko na vita ya kweli." Naelewa. Mji huu ulitekwa Oktoba 1996, ukatekwa tena Juni 2004, na Februari 2025 ukabadilisha mabwana kwa mara nyingine. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza mbwa mwitu wa Marekani anamhusu nini.

Lakini tuanze na za kwetu. Sote tulilelewa na zimwi. Linakuja, linameza kijiji kizima, watu, ng'ombe, mbwa. Anabaki mtoto mmoja aliyejificha, anakua, ananoa kisu, analipasua tumbo. Watu wanatoka wazima, ngoma inapigwa, hadithi imekwisha, bibi anatuambia tukalale. Sikumbuki hata mara moja mtu kuuliza usiku wa kwanza watu wale walilalaje. Nani kati yao aliingia kibandani kwake akashindwa kuvumilia giza kwa sababu lilifanana na la tumboni? Nani alianza kutapika akisikia harufu ya nyama? Hadithi ya jadi inaishia pale kisu kinapopita. Nzuri kati ya hizi za mjini zinaanzia hapohapo. Tena zimefanya jambo jingine la kweli: zimelitoa zimwi porini na kulipangisha nyumba kwenye avenue yako. Mnakutana kwa muuza makaa. Linakusalimu kwa jina.

Kuna riwaya ya Patricia Briggs ya mwaka 2008, ya nne... hapana, ya tatu katika mfululizo wa Mercy Thompson, fundi magari anayeweza kujigeuza mbwa mwitu mdogo wa jangwani. Humo mwanamume anambaka akitumia kikombe cha kichawi: anayekinywea anabaki na akili yake lakini hana utashi. Anaambiwa anataka, naye mwili wake unatii. Kitabu kilichofuata, cha 2009, hakikuruka mbele miaka miwili kama ilivyo kawaida ya vitabu vya kusisimua. Kilianza karibu palepale, na Mercy anabanwa kifua, anaogopa vitu vidogo, anajichukia kwa kuogopa. Wasomaji wengine walilalamika kuwa shujaa amekuwa dhaifu. Mimi naona hapo ndipo mwandishi alipostahili malipo yake.

Kile kikombe nakifikiria sana. Katika mji wetu kuna mahakama mbili, ya serikali na ya bombani tunapochota maji, na hii ya pili haina likizo. Swali lake la kwanza halibadiliki: "Juu ya nini hakupiga makelele?" La pili: "Alikuwa anafanya nini fasi ile?" Mwanamke hana jibu, kwa sababu hajui mwenyewe kwa nini sauti haikutoka, kwa nini mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine. Mwili wa binadamu ukizidiwa na hatari unaweza kuganda, na mtu aliyeganda hakukubali. Ila ukilieleza hilo bombani kwa lugha ya kitabibu, wanakuangalia tu. Waambie kuwa alinyweshwa kitu cha uchawi, wote wanaelewa papo hapo. Kikombe kinatafsiri kuganda kwa lugha ambayo hata hakimu wa bombani anaisoma.

Na tuwe wakweli, sheria ya Kongo imeitangulia riwaya. Ile ya tarehe 20 Julai 2006 haidai makelele wala majeraha. Inataja vitisho, shinikizo la kisaikolojia, mazingira ya kulazimisha, na hata mtu aliyenyang'anywa fahamu kwa hila. Kikombe kimo ndani ya sheria, kwa jina la hila. Bombani hawajaisoma.

Sasa nifike kwenye kinachonitia wasiwasi, maana kuzitetea hadithi hizi New York ni rahisi kuliko kuzitetea hapa Kadutu, mtaani Bukavu. Kule msomaji anafunga kitabu akijua uchawi ni mfano. Huku uchawi una mashahidi. Binti akipiga kelele usingizini, akikojoa kitandani akiwa na miaka kumi na mitatu, akikataa kuguswa, kuna nyumba ambako mtu wa kwanza kuitwa ni mchungaji. "Huyu mutoto iko na pepo." Anapelekwa kwenye chumba cha sala, anafungishwa siku nyingi bila chakula, pengine anachapwa ili pepo achoke. Watoto wanaitwa wachawi na kutupwa barabarani, jambo lililoenea kiasi kwamba Katiba ya 2006 ililitaja kwa jina na kulikataza, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikaliwekea adhabu. Nchi haiandiki uchawi kwenye Katiba kwa ajili ya mapambo.

Kwa hiyo mwandishi wa hapa akitunga hadithi ambamo ndoto mbaya za binti ni shetani aliyeingia mwilini mwake, hata kama anafikiri anaandika mfano, ajue msomaji wake anaweza kuufunga mfano huo na kumpeleka binti wa kweli kwenye chumba cha kweli. Swali langu kwa kila muswada wa aina hii ni moja: uchawi umekaa upande wa nani? Kwa Briggs umekaa mkononi mwa mbakaji. Kwa Jessica Jones umekaa kwenye sauti ya mbakaji. Bukavu, kwa mazoea yetu, tunautoa kwake na kuubandika kwa aliyebakwa.

Na ukitaka ushahidi kuwa upande wa kwanza ndio wa kweli, usiende mbali. Kavumu iko jirani, ndipo ulipo uwanja wetu wa ndege. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike takriban 40 walichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao wakabakwa, wengine hata shule ya chekechea hawajafika. Wazazi walisema hawakusikia kitu. Watu wakanong'ona kuwa kuna unga unaolaza nyumba nzima. Waliofanya hayo walikuwa wanamgambo wa kikundi kilichoitwa Jeshi la Yesu, chini ya mbunge wa bunge la mkoa, na walikuwa wameaminishwa kuwa damu ya bikira ingewapa kinga vitani. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu kwenyewe ikawahukumu kifungo cha maisha mbunge huyo na wenzake 10, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mashahidi walijifunika, sauti zao zikabadilishwa wasijulikane.

Mara nyingi nasema hii ndiyo hadithi kubwa ya ajabu ya mjini kuwahi kutokea mkoani kwetu, na haikuandikwa na mtunzi. Uchawi ulikuwepo, kwenye vichwa vya wanaume wale. Kilichouvunja kilikuwa jalada la kesi, mama waliokubali kusema, na daktari aliyeandika alichokiona. Mnong'ono wa unga wa usingizi ulikuwa unawafanya wahalifu wawe kivuli. Kesi iliwapa majina na namba za gerezani.

Katika kundi letu dogo la kusomana Jumamosi, vijana wanaleta miswada. Nimeona angalau mitatu yenye umbo moja. Msichana anabakwa na watu wenye silaha, anajitupa au anatupwa Ziwa Kivu, mamba muntu, yule nguva wa hadithi zetu, anamdaka chini ya maji, anampa nywele ndefu, macho ya dhahabu na nguvu ya kuzamisha mitumbwi. Anatoka, anawamaliza mmoja mmoja. Kurasa za kulipiza kisasi zinaandikwa kwa moto kweli, siwezi kukana, na kijana akizisoma chumba kinatulia.

Ila mimi huuliza: nguvu hiyo ni malipo ya nini? Ukiangalia vizuri, hadithi inasema asingebakwa asingekuwa shujaa. Unyama umegeuzwa mlango wa kupatia karama. Ni faraja ya ovyo, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe kuambiwa sasa amejua njia ya sokoni. Riwaya nyingi za nje zina ugonjwa huohuo, tena zimeongeza wa pili: shujaa aliyeteswa anapona kwa sababu amependwa na dume kubwa la mbwa mwitu, kiongozi wa kundi, ambaye ananusa shingo yake na kuamua alale wapi na atembee na nani. Utashi umetolewa kwa mwanamume mbaya na kukabidhiwa mwanamume mzuri. Mwenyewe hajaushika bado.

Hapa tunaijua vizuri sana hadithi hiyo, tunaiita aranjema, mapatano ya nje ya mahakama. Wazee wa pande mbili wanakaa, kasiksi, pombe ya ndizi, inamiminwa, mbuzi wa fidia anatajwa, pengine ndoa na mbakaji mwenyewe inapendekezwa ili jina la ukoo lisichafuke. Binti yuko jikoni. Kila mtu anatoka ameridhika. Mtu akinionyesha kiongozi wa mbwa mwitu anayempangia mpenzi wake maisha "kwa kumlinda", nasikia vikombe vya kasiksi.

Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kuwa kupona kuna hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kati ya watu. Chini ya zote aliweka kanuni kuwa msaada wowote unaomnyima aliyeumizwa uamuzi wake hauwezi kumponya, hata ukiwa na nia njema namna gani. Niliposoma hilo nilifikiria hatua ya kwanza na kucheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Usalama upi, mji huu? Msomaji wa Bukavu ana haki ya kuuliza kama hatua ya pili inamsubiri miaka yote hiyo.

Jibu lililo karibu na sisi halikutoka kwenye riwaya. Mwaka 2013 New England Journal of Medicine ilichapisha utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo kwa wanawake 405 waliobakwa au walioshuhudia ubakaji. Baadhi walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikaa kwenye vikundi vilivyoongozwa na wasaidizi Wakongomani, wakijifunza kuyatazama mawazo yanayowahukumu: ni kosa langu, sifai tena, ningepiga kelele. Miezi 6 baadaye, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mzito walikuwa 9 kwa 100 kwenye vikundi, na 42 kwa 100 kwa wale wengine. Vita haikuwa imekwisha. Milima haikuwa salama. Walikuwa wamepata chumba, saa, na duara la watu ambao hawakuuliza swali la bombani.

Hilo ndilo ninalolikosa kwenye hadithi za ajabu za mjini, hata zile nzuri. Shujaa wake anapona peke yake au wawili kitandani. Mfupa unaunga kwa usiku mmoja, mwili ni wa kichawi, kurasa zinaendelea. Hakuna anayetunga duara: wanawake kumi na wawili kwenye benchi, mmoja ananyonyesha, mmoja hajasema neno kwa wiki tano, na wiki ya sita anasema "mimi pia" na hakuna tarumbeta. Najua ni vigumu kulifanya hilo liuzike. Bado nadhani mwandishi wa hapa ana nafasi ambayo wa Chicago hana, kwa sababu ameliona duara hilo kwa macho yake.

Mwandishi wa Afrika Kusini Lauren Beukes alitukaribia mwaka 2010 kwa riwaya ya Johannesburg ambamo mwenye damu mikononi mwake anapata mnyama asiyeweza kuachana naye, kila mtu anaona. Mpenzi wa shujaa ni mkimbizi kutoka Kongo, anatembea na nguchiro. Nilifurahi kumkuta mtu wetu mle, kisha nikahuzunika, maana sheria ya mji ule wa kubuni ina haki kuliko ya mji wangu. Kule mnyama anamkalia aliyefanya. Bukavu mnyama anakaa mgongoni mwa aliyefanyiwa, na aliyefanya anapita mikono mitupu, suti imenyooka, anawahi ibada.

Kuna kitu kimoja zaidi katika mila za hadithi hizi ambacho naona kilitungwa kwa ajili yetu bila watunzi kujua. Mnyonya damu, hata awe na miaka mia nane, haingii nyumba ya mtu asipoalikwa. Anasimama kizingitini na nguvu zake zote. Sijui aina nyingine ya fasihi iliyoifanya ridhaa kuwa sheria ya maumbile, kama mvua kuanguka chini. Sisi tuna neno lake tangu zamani. Mgeni anasema hodi. Asipojibiwa anasema tena. Ya tatu isipojibiwa anaondoka, na hakuna anayemwuliza mwenye nyumba kwa nini alikaa kimya. Kunyamaza ni jibu kamili. Ni ajabu kwamba tumeupa mlango wa mbao heshima ambayo tunaunyima mwili wa mtu.

Mmoja wa wale vijana wa Jumamosi, mwenye muswada wa mamba muntu, alirudi mwezi uliopita na kurasa mpya. Kisasi amekiondoa chote, nusu ya wenzake wamemkasirikia. Msichana ametoka ziwani akiwa na kitu kimoja tu alichopewa: hakuna anayeweza kuvuka kizingiti chake, cha nyumba wala cha ngozi, kabla yeye hajasema karibu. Ndugu hawawezi. Mchungaji hawezi, na sala zake zinamrudia mdomoni. Mama yake mzazi pia hawezi, na hapo ndipo kurasa zinauma, kwa sababu mama huyo alikuwepo siku ya mbuzi, hakusema neno.

Sura inaisha jioni. Umeme umekatika. Mama yuko nje na sahani ya samaki wa sambaza iliyofunikwa, amesema hodi mara mbili, ya tatu hajaisema. Ndani, binti amekaa ukingoni mwa kitanda anasikiliza sahani inavyotetemeka mkononi mwa mama. Kijana anasema hajajua bado kama atafungua. Nilimwambia asiharakishe.